Manyoya Yako na Nywele Zangu

Shoga yangu Zuhura,

Nakuandikia nikiwa saluni, Peckham, Jumatatu asubuhi, mteja wa kwanza hajafika na birika ndiyo kwanza linachemka. Mwaka umepita tangu moyo wako uliposimama ukijiandaa kwenda kazini, wala hukunipa nafasi ya kukuaga. Nina habari nyingi. Nianze na ya kukuchekesha: nimekata leseni ya kuvua samaki. Jina langu limo kabisa, Mercy wa Voi, mtu ambaye samaki wake wote walitoka dukani wamekwisha parwa.

Unakumbuka nilivyokucheka. Dereva wa basi, mama mtu mzima kutoka Pemba, siku yako ya mapumziko unakwenda kukaa ukingoni mwa ziwa la bustani kumvua perchi, yule samaki mdogo mwenye mistari na mapezi mekundu, halafu unamrudisha majini. Nikakuambia kwetu mtu wa hivyo huombewa. Ukanieleza bila kukasirika kwamba raha yenyewe iko kwenye kufunga chambo: unachukua ndoana ndogo yenye kichwa kizito, unaizungushia uzi na manyoya mpaka ifanane na kitu kinachoishi. "Samaki hali uzuri," ulisema. "Anakula uhai."

Kisha ile Jumamosi. Mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Ulikuja na yunifomu yako, ukainama, ukaanza kuokota nywele sakafuni na kuzitia kwenye mfuko. Hukufikiri. Mteja wangu, mama wa Kikongo niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa, akasimama akauliza yule mwanamke anapeleka wapi nywele zake. Wengine nao wakashika vichwa vyao. Ulijaribu kueleza mambo ya samaki, na kadiri ulivyoeleza ndivyo yalivyozidi kufanana na uchawi. Nami, badala ya kusimama upande wako, nikakuambia mbele ya watu wote, "Zuhura, toka na mfuko wako, na usirudi."

Ukatoka. Ukaumwaga mfuko kwenye pipa la nje, ukaenda zako.

Wiki saba hatukusemezana. Basi lako lilikuwa likipita mbele ya dirisha langu, na wewe macho mbele tu. Mwishowe nikachukua pakiti ya nywele za bandia, za rangi ya fedha, haijafunguliwa, nikakufuata ziwani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Hizi hazijagusa kichwa cha mtu."

Uliitazama pakiti, ukanitazama mimi, ukasogea kwenye benchi. "Haya, kaa. N'shikie uzi."

Hapo ndipo ulipoanza kunifundisha kuchagua. Ulikuwa unapima kwa glasi ya maji: unatumbukiza kila kitu, unakitikisa, unatazama kama kinapumua au kimekaa kama ufagio. Manyoya laini ya bata mzinga yalikuwa yakicheza hata maji yakitulia. Nywele zangu, mimi nikashikilia kwamba zinacheza pia. Nilizisifu kama mtu wa dukani: zinang'aa, hazichakai, rangi zote zipo. Ukasema, "Ziko vizuri, shoga." Basi kila mwezi nikawa nakuletea rangi mpya, na ukazifunga zote mbele ya macho yangu. Miaka mitatu.

Sasa sikiliza. Baada ya arobaini, binti yako Nasra aliniletea sanduku lako. Unamjua, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alitaka kumpa mtu anayevua, akaona aniulize kwanza. Tukalifungua hapa mezani, kati ya vitana. Upande mmoja vyambo vya manyoya: vimetafunwa, uzi umelegea, ndoana zimeshika kutu. Upande wa pili vyambo vya nywele zangu, vimepangwa kwa rangi, safi. Havijawahi kulowa. Hata kimoja.

Nasra aliona navigeuza kimoja kimoja. Akanieleza taratibu, kwa Kiingereza chake, kwamba mama alishamwambia: nywele zile ni ngumu mno, kwenye maji baridi zinakuwa vijiti, lakini Mercy asiambiwe, kwa sababu alikuja nazo kuomba msamaha.

Nililia, Zuhura. Kisha nikacheka mpaka Nasra naye akacheka. Miaka mitatu mtu anafunga vyambo vya adabu.

Lakini nywele ndiyo kazi yangu, sikukubali kushindwa. Kosa langu, nilikuwa nakupa kama zilivyotoka kwenye pakiti, nene. Imenichukua miezi. Nimezichambua kwa kitana cha meno madogo mpaka zikawa nyepesi kama utando wa buibui. Nachukua nyuzi tano sita za fedha, basi, naziweka ubavuni. Mkia nauacha uwe wa bata mzinga, kama ulivyopenda. Kwenye glasi vinacheza pamoja, manyoya yanapumua na nywele zinametameta pembeni.

Jumapili iliyopita, nilipotoka kanisani, tulikwenda ziwani mimi na Nasra. Mvua ilikuwa imetibua maji, kwa hiyo tukachagua mkia mweusi, uonekane. Tulikaa sana. Nilikuwa katikati ya kumsimulia mambo ya shule yangu ya Voi, pale fimbo yake ya kuvulia ilipoinama. Perchi, si mkubwa, amezidi kiganja changu kidogo. Nasra akalowesha mikono kwanza, akamshika, akaitazama ile ndoana mdomoni. Akasema, kwa Kiswahili, "Anti Mercy, amekula nywele zako."

Akamrudisha majini, tukala sambusa. Sikumbuki siku nyingine mwaka huu niliyoridhika hivyo.

Mteja anagonga kioo, inabidi nikuache. Pumzika, shoga yangu, Mungu akuweke mahali pasipo kelele. Sanduku liko kwa Nasra. Nakuahidi sitamwacha akae peke yake kwenye benchi lile, nitakwenda naye hata baridi ikitukata masikio. Na yeye nimemwapisha: siku nikichagua vibaya, aniambie hapo hapo. Wewe ulikuwa mpole mno kwangu.

Wako,
Mercy