Viatu vya Asha

Jumapili, usiku

Basi mkanda wa kamera umepona.

Leo Mtaa wa Kongo, kwenye mitumba, nilimpiga picha baba mmoja akimvalisha bintiye viatu. Sikumwambia. Akaing'ang'ania kamera. "Nani kakutuma? Toa mkanda!" Na humo ndani kulikuwa na picha za harusi nzima ya wateja wangu wa Upanga! Mkanda ukipigwa jua tu, picha zote zinaungua, nimekwisha.

Mkewe akaingilia. "Baba Asha, una picha gani na huyu mtoto? Hata moja?"

Baba Asha akanirudishia kamera, akainama, akamvua mtoto kiatu. "Haya, piga upya."

Jioni nimezisafisha zote. Kwenye ya pili baba kakakamaa kama askari wa gwaride. Kwenye ya kwanza anacheka.

Nitampelekea ile aliyotaka niiharibu.