Kofi la Hadmar

Dada yangu Gisla,

Salamu nyingi kutoka huku ngomeni kwenye baridi. Natumai kikohozi cha mama kimepungua na mumeo Marbod ameanza kunenepa. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto haunyooki vizuri, wala sina wa kumlalamikia. Barua hii isome mwenyewe, hata ikikuchukua kutwa, usimpe padri.

Umeuliza anakoishi mwalimu wangu Hadmar, mmpelekee bata bukini wa shukrani. Bukini mleni wenyewe.

Siku ile langoni, nilipomtaka Bwana Eberwin tupigane, na nikishinda awafungue wote aliowatia mnarani, Marbod akiwemo, alicheka mpaka farasi wake akashtuka. Alisema yeye ni bwana wa upanga, hapigani na mtoto wa msaga unga. Nirudi nyumbani nikapepete. Hadmar akashuka farasi akichechemea, akasema, kumbe tatizo ni hilo tu? Si kila bwana wa upanga anaweza kumpa mwingine cheo, popote alipo? Akanipigisha magoti matopeni, akanizaba kofi la shingo, ndivyo wanavyopeana cheo, akasema hilo ndilo la mwisho kulipokea bila kulipiza. Kisha akaniambia nisimame, Bwana Diepold, na nifute pua.

Eberwin hakuwa na pa kukimbilia. Tulipigana mpaka panga zikawa misumeno. Aliteleza, nikamkalia kifuani, akanivulia glavu yake mbele ya watu wake. Kwa mabwana hao ndiyo kushindwa kwenyewe. Mnara ukafunguliwa, na mtawala wa nchi aliposikia akanikabidhi ngome hii ya Eberwin.

Baada ya siku chache Hadmar alikuja kuniaga. Akikaza tandiko lake, alisema hakuna mtu aliyewahi kumpa yeye cheo. Mkanda wake wa ubwana aliuuziwa na mjane mmoja. Kwa hiyo kofi lile, Gisla, lilikuwa kofi tu.

Nilimwambia tunyamaze. Akasema watu amewadanganya miaka mingi na usingizi anapata, lakini ndugu za Eberwin wameanza kuulizauliza juu ya cheo chake, na askofu akimshikisha mifupa ya mtakatifu aape, atasema kweli. Ushindi wangu ungebatilika, Marbod angerudi mnarani. Akaondoka. Sikumuuliza anakwenda wapi.

Basi mwambie Marbod aache kumsifia kwenye pombe, na asimtafute. Wala msiningoje mimi. Nikiiacha ngome, ndugu hao wataingia. Wakiniapisha, nitaishika hiyo mifupa na kusema uongo, kisha nitarudi kula. Meza ni ndefu, na watumishi hawakai na bwana.

Mbusu mama. Barua hii washia jiko.

Ndugu yako,
Diepold