Mashine ya Maabara Haikuniuliza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu uwe umeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Mjukuu wako ameota jino la pili, ananing'ata akinyonya halafu anacheka, mtukutu huyu.

Uliniuliza kompyuta ya masjala ya kliniki naiwezaje na hili darasa langu la saba. Mama, ni kuandika maneno machache tu, nayo inatii. Shida ni kwamba neno moja laweza kuwa na maana mbili. Kwetu ukisema Mzee atolewe jikoni, tunajua ni jogoo wako. Ukiagiza hivyohivyo kwa shangazi, babu atajikuta nje na sahani mkononi. Kompyuta nazo kila moja ina mazoea ya nyumba yake. Ndiyo maana fundi wetu, tunayemwita Miwani, alinifundisha neno la kuulizia. Unaandika type, kisha neno lako, nayo inakueleza italielewaje kabla hujaituma. Aliniambia shemeji, uliza kwanza, mashine si mume useme mtapatana baadaye. Tulicheka sana.

Sasa sicheki. Jumatatu kompyuta yangu iligoma kuwaka, nikaambiwa nikafanyie kazi kwenye ile ya maabara. Siku hiyo hiyo majibu ya damu ya watoto wachanga thelathini na mmoja yakapotea humo. Mpimaji anadhani mashine imeharibika. Anasema tumsubiri Miwani, yuko safarini, akirudi wiki ijayo ataifufua na majibu yatakuwa yaleyale mahali pake. Lakini chupa za damu huwekwa siku chache tu. Hizo zinamwagwa kesho.

Jana alikuja dirishani mama mmoja, mdogo hata kuliko mimi, mwanawe macho yamekuwa ya manjano. Akauliza kama majibu yametoka. Nikamwambia mashine mbovu, arudi wiki ijayo. Akaniita dada, akanishukuru. Tangu hapo maziwa yangu yamepungua.

Mama, mashine si mbovu. Ni mimi.

Nilitumwa kufuta orodha za zamani. Kufuta ni herufi mbili, rm. Kwenye yangu nimezoea kuzitaja faili zote kwa mpigo, nayo inaniuliza moja moja kama nifute. Za zamani nakubali, mpya nakataa. Ni uvivu, najua. Basi nikaandika vilevile kule maabara, nikangoja swali. Halikuja. Nilipochungulia, mle ndani mlikuwa mtupu.

Ndipo nikakumbuka type, wakati mambo yameshaharibika. Nikaandika type rm, ikanijibu kavu kwamba kwake rm ni programu ya kufuta, basi. Leo yangu imepona, nikaiuliza pia. Ikasema kwake rm ni jina la kupanga tu, maana yake kamili ni futa, lakini uliza kwanza. Miwani aliniwekea ulinzi huo kwa kunihurumia, wala hakuniambia. Mimi nikadhani kompyuta zote zina huruma hiyo.

Nimenyamaza siku tatu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa wenzangu waseme ndiyo shida ya kuajiri asiyesoma. Ila wakijua yamefutwa, watapima upya leo, damu ingali kwenye chupa. Hilo ndilo tumaini langu.

Nakuandikia kwenye benchi mlangoni kwa muuguzi mkuu. Mbele yangu kuna mtu mmoja. Niombee, Mama. Nikirudi nyumbani bila kazi usinigombeze mbele ya watu.

Msalimie baba, na shangazi mwambie kitenge kimenikaa vizuri. Mjukuu wako anakubusu.

Mlango umefunguliwa, wanauliza nani anafuata. Ni mimi.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako