Kondoo Uliyenipa

Paker wangu,

Siwezi kukaa. Nimeandika, nimesimama, nimezunguka zizi, nimerudi. Ungesema, "Mtoto, una siafu?" Ninao, ndiyo. Tangu ufe hata chai inanipolea mkononi.

Juzi ndugu yako alikuja kutoka Malambo kuchukua mifugo yako. Ndugu! Miaka yote niliyokaa kwako hapa Rhotia sikuwahi kumwona. Akamswaga na kondoo wangu, eti sikio lina alama yako. Nikamkamata kondoo mguu, nikasema huyu wangu, alinipa mwenyewe. Akacheka: "Binti wa Kiiraqw, akupe wewe kwa lipi?"

Ningemwambia nini? Kwamba lori la shamba la kahawa lilipowaua wazazi wangu kule Oldeani, watu walinihurumia kwa mdomo tu? Na wewe, uliyemfukuza hata katekista kwa mbwa, ukaniambia, "Usinifuate," nikakufuata?

Siku uliyonipa yule kondoo ukaanza kuniita Paker. Nikasikia humo neno lenu la kondoo, nikadhani unanitukana, kwamba mimi ndiye kondoo. Nikamrudisha, nikakuita jina lako mbele za watu. Mungu wangu! Siku nne hukunisemesha. Mpaka yule mama wa maziwa akanieleza kwamba kwenu Wamaasai aliyetoa kondoo na aliyepewa hawaitani majina tena, wote wawili ni Paker. Nikaja mlangoni kwa aibu, nikaita, "Paker." Ukaitika haraka, mzee mkali wewe, kama uliyekuwa umekaa unangoja, ukanirudishia kondoo.

Basi ndugu yako alipoona simwachii kondoo akauliza, "Yeye alikuitaje?" Nikamwambia. Kicheko kikakatika. Akakaa chini pale pale kwenye samadi, akajifunika uso kwa shuka, mtu mzima, akalia. "Mimi tumbo moja naye," akasema, "hakunipa hata mbuzi."

Akaondoka na wengine, akaniachia wangu. Nimeshinda, na sina raha hata kidogo. Zizi tupu, na mdomo wangu hauna wa kumwita. Nina upweke, Paker, nakwambia wazi.

Kwa hiyo usinikasirikie. Kondoo ana mimba. Akizaa jike, nitamwachisha kunyonya, nimbebe mpaka Malambo, nimkabidhi yule mzee mkononi. Ulichomnyima nitampa mimi. Halafu nitasimama mlangoni kwake ningoje aniite.

Kwaheri. Lala salama.