Mkwe Katika Maji ya Moto

Seven Hills, Sydney
Novemba 2022

Kwa dada yangu mpendwa Jerotich,

Pokea salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi cha shemeji kimepungua? Sisi ni wazima. Mimi nimezidisha kitambi tu, na safari hii nina wa kuwalaumu: Wajapani.

Uliomba habari za Japani. Kama ujuavyo, binti yangu Cherotich na mchumba wake Mwiti ndio waliotulipia safari, mimi na Mzee Elkana, baba yake Mwiti, mara mipaka ilipofunguliwa. Walitaka tupatane. Tangu lockdown, Elkana aliponiita muuza sumu kwenye Zoom mbele ya koo zote mbili kwa sababu ya kazi yangu ya kudunga watu chanjo, sijamwita mkwe. Humwita "yule".

Kyoto kuna hekalu la dhahabu linalojitazama majini kama bibi harusi. Yule akasema ni rangi tu, hata fundi wa kwao Nkubu angeweza. Nikamwambia basi arudi Nkubu akapake. Tulipoletewa samaki mbichi, ile haradali yao ya kijani ilinitoa machozi, naye akacheka mpaka barakoa ikamdondoka. Kwenye tambi, wenyeji wakizivuta kwa kelele, akaniambia eti hatimaye nimepata wenzangu wa kula kwa kelele. Nikamjibu kwamba angalau wao hawasengenyi wakila.

Kisha tukafika hoteli moja milimani, yenye dimbwi la maji moto yatokayo ardhini. Wanaume huingia uchi kabisa. Unapewa kitaulo kidogo tu. Jioni ile kila mmoja alimdanganya mwenzake kwamba anakwenda kutembea. Nimejilaza ndani ya mvuke, raha mustarehe, nikamwona yule mlangoni. Dada, wewe unajua tulivyolelewa: mkubwa akiingia, unasimama umpe mkono. Nikasimama. Jinsi nilivyo, na kitambi chote. Elkana alikuwa na kitaulo kimoja tu, akachagua kufunika uso.

Alisema nimemvunjia heshima kwa makusudi, mkwe hamwonyeshi mkwe uchi. Tulipofika Sydney akawatangazia watoto kwamba hakuna harusi mpaka nitoe kondoo wa kutakasa. Nikasema sitoi hata kuku, na mwanawe atafute mke kwingine.

Sasa sikia jambo lenyewe. Usiandae maziwa ya mursik, na uwaambie kina mama wasijisumbue. Wageni wa harusi ya Desemba hapo nyumbani hawaji. Cherotich na Mwiti wamefunga ndoa ya serikali Ijumaa iliyopita, jirani yao Nibigira akiwa shahidi. Sikualikwa. Elkana naye hakualikwa. Tulitumiwa picha kwenye simu.

Elkana alinipigia akanitukana kwa Kiswahili, kwa Kimeru, na kwa Kiingereza cha ofisini. Sikukata simu. Sydney nzima hakuna mwingine aliyekuwa akilia kwa ajili ya picha ile ile.

Msalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Cherotich akikupigia, tafadhali usimgombeze. Mwambie gauni limempendeza. Simu yangu mimi hapokei.

Ni mimi nduguyo,
Cheruiyot