Bendi Inayochechemea

Jumatano, 24 Aprili
Bila mimi bonde hili lisingejua kushoto wala kulia. Leo Borghild, mwalimu wa bendi ya shule – mjane, nadhifu, cheko lake lasikika ng'ambo ya mto – kaja mwenyewe mlangoni kuniomba msaada. Mwaka jana, siku ya taifa, tarehe 17 Mei, watoto walipiga kila mtu na lake. Barabara nzima ikacheka. Synnøve, binti wa dada yangu, mpiga ngoma, alilia, machozi yakidondokea aiskrimu yake. Kaapa: wakichekwa tena, ngoma anairudisha.

Nikamwambia Borghild, jeshini kikosi kizima kilitembea kwa mguu wangu! (Nilikuwa jikoni. Jikoni kwa jeshi nako ni jeshi.)

Akalihurumia goti langu – alilolikanyaga dume la kulungu mwezi Machi, nikamshinda. Akaniachia vafli za moto, vile vikeki bapa vyenye vishimo, na jibini ya kahawia.

Jumatatu, 6 Mei
Dawa nimeipata! Kile kidude cha kuhesabu mapigo, tiki-tiki-tiki, nimekifungia kabatini. Mapigo hayakai masikioni, yanakaa miguuni. Watoto wote nyuma yangu, tunazunguka uwanja. Kwanza makofi tu, macho kwenye viatu vya mjomba. Kisha tarumbeta. Kisha ngoma. Leo wamekuwa kitu kimoja! Hata mbwa wa jirani kaingia mstarini.

Borghild kaleta vafli tena. Kanishika mkono tukishuka ngazi. Ngazi zenyewe tatu. Nilishuka polepole mno.

Jumatano, 15 Mei
Balaa. Synnøve katurekodi kwa simu. Tukasikiliza. Wako pamoja, hapotei hata mmoja – ila pigo moja refu, moja fupi. Duum-da. Duum-da.

"Mjomba, bendi inachechemea!"

Nikasema simu yake mbovu.

"Simu haina goti, mjomba."

Borghild alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akaacha kucheka. Watoto wamemeza mwendo wangu mzima mzima. Akajaribu kuongoza yeye – wakavurugika, tarumbeta ya mmoja ikamgonga mwenzake kisogoni. Basi akaniomba: "Oddvar, huwezi kuunyoosha huo mguu, angalau siku moja? Lakini usijiumize, jamani."

Nikashika goti, nikaguna.

Synnøve kaondoka na vijiti vyake mfukoni, uso ule ule wa mwaka jana.

Ijumaa, 17 Mei
Saa nne kasoro. Nimejificha nyuma ya kanisa. Bendera kila dirisha, bonde zima limejipanga kandokando ya barabara. Suti imenibana.

Borghild kapita na vazi lake la asili, vifungo vya fedha vinametameta. Kasema gwaride likiisha niende kwake. Vafli zipo. Na mto wa kuegemezea goti – kautarizi kwa mkono wake! Maua mekundu!

Synnøve yuko mstari wa mbele na ngoma yake. Kanichungulia. Hatazami uso wangu, anatazama miguu.

"Mjomba, tunakufuata wewe. Twende?"

Filimbi hiyo! Wananiita.

Goti lilipona tangu Pasaka.