Korosho za Kwenye Maua

Magomeni, Mtwara

Dada Somoe,

Shikamoo. Huko Maskati mna matajiri, lakini mwenye akili ya pesa alizaliwa Mtwara, akaacha shule darasa la sita, na ndiye huyu anayekuandikia. Ningepiga simu, ila sifa zangu zingemaliza salio.

Akiba yako sikuipeleka benki, wala sikununua kiwanja, maana siku hizi kila kiwanja kina wenyewe watatu. Nilifanya kangomba: mkulima mwenye shida unampa pesa kidogo mikorosho ikiwa kwenye maua, msimu ukifika mavuno ni yako. Serikali imekataza, ila nani atasema? Aliyezunguka ni Jasinto, kijana wangu wa kazi; mimi bosi nilikaa kivulini. Ndugu wakipiga kuomba, nawajibu, "Pesa iko kwenye maua!" Hata Bibi nilimjibu hivyohivyo, nikacheka, naye akacheka.

Mbuzi wako kazaa mapacha. Binamu yetu Hawa kaolewa.

Juzi Jasinto alinipeleka Kitaya kunionyesha mikorosho tuliyonunua. Ya mwisho ilikuwa ya Bibi. Jasinto hakujua kuwa ni bibi yangu.

"Huyu kizee aliomba elfu themanini aende hospitali," akasema. "Nikamkaza mpaka ishirini. Si nakufaa, bosi?"

Dada, ulipopiga siku ya msiba wa Bibi nilikuambia alikataa hospitali kwa ukaidi wake. Hakukataa. Alikuwa anatafuta pesa ya kwenda, na aliyempunja ni mimi.

Mdogo wako,
Faraji